UZI: Vox AC30 ya zamani na umeme wa 240. Pima volti kabla hujalaumu valvu

#1 Bamvua (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Humu jukwaani kila mara naona kilio kilekile: valvu za amplifaya (zile taa za kioo zinazokuza sauti) za siku hizi hazidumu, unanunua EL84 nne, valvu za kutoa nguvu, kwa hela ya maana, miezi michache tu bati la ndani la moja limeshaanza kuwiva jekundu na spika inanguruma. Lawama zote kwa kiwanda. Mimi napinga. Kwa mashine nyingi ninazofunguliwa mezani hapa Mombasa, valvu haina hatia. Inachomwa na volti, na volti hizo zinaingilia soketi ya ukutani.

Nitatumia Vox AC30, amplifaya ya gitaa ya miaka ya sitini, kwa sababu naijua vizuri, na kwa sababu yenyewe haina nafasi ya kusamehe. Ilitoka Uingereza, kampuni ya JMI pale Dartford, mchoro wa Dick Denney, ikaingia sokoni 1959. Ina EL84 nne na rektifaya ya valvu, GZ34, inayogeuza umeme wa kwenda na kurudi kuwa mkondo mnyoofu. Kikomo cha EL84 kwenye karatasi ya kiwanda ni volti 300 na wati 12 kwenye anodi, lile bati la ndani. AC30 tangu siku ya kwanza inaipa zaidi ya hapo. Utamu wa sauti yake kwa sehemu unatokana na hilo. Sasa mashine ambayo tayari imevuka kikomo, ukiiongezea asilimia 10, unategemea nini?

Kitu cha kwanza kukielewa: ndani mna transfoma moja ya umeme, na kila volti iliyomo inatokana nayo. Volti 6.3 za hita (uzi unaopasha valvu moto), volti 5 za hita ya rektifaya, na volti za juu za mia tatu na kitu. Ukutani umeme ukipanda kwa asilimia 10, zote zinapanda pamoja, takriban kwa kiwango hichohicho. Ndiyo maana dawa inayogusa volti za juu peke yake ni nusu ya dawa. Hita nayo inaungua.

Nyuma ya AC30 kuna kichaguzi cha volti: 115, 160, 205, 225, 245. Hicho hakiongezi nguvu wala hakipunguzi sauti, jamani. Kinaiambia transfoma ukutani kuna nini. Mashine ikiwa imewekwa 225 halafu wewe uko Kenya ambako umeme ni 240, na usiku wa manane watu wakizima pasi na majiko unakuta 248, hesabu ni rahisi: 248 gawanya kwa 225, umezidisha kwa asilimia 10. Hita zilizotakiwa kupata 6.3 zinapata 6.9, ambayo ndiyo ukingo wa juu kabisa unaovumilika.

Nendeni mkaangalie kichaguzi kwanza. Nitaendelea.

#2 kinanda_tanga

Mkuu nipo siti ya mbele kabisa. Sisi huku Tanzania tunaambiwa 230. Niweke 225 au 245?

#3 Bamvua

@kinanda_tanga usiulize unachoambiwa, uliza mita yako. Pima soketi asubuhi, pima saa mbili usiku watu wote wakipika, pima tena usiku sana. Kama mara nyingi unaona 225 hadi 232, kaa 225. Kama unaona 238 kwenda juu, hamia 245. Ukiwa katikati, chagua namba ya juu. Hita ikipata 6.0 badala ya 6.3 haidhuriki, na valvu itakushukuru. Kibaya ni kushuka chini ya 5.7, hapo katodi, sehemu ya valvu inayotoa elektroni, inakuwa baridi mno kwa kazi inayofanya.

Na kabla ya kubadili kichaguzi chomoa waya ukutani. Sio kuzima swichi. Chomoa.

#4 Bamvua

Usalama, na hapa sitanii. Ndani ya mashine hii mna volti 300 na zaidi za mkondo mnyoofu, na kapasita zinazishikilia hata baada ya kuchomoa. Usiingize mkono kabla ya kuzimaliza. Chukua risista ya omu elfu 10, wati 5, ifunge waya wenye ganda zuri, upande mmoja kwenye chasisi (fremu ya chuma) na mwingine kwenye kapasita ya kwanza, hesabu hadi kumi taratibu, halafu pima kwa mita uone sifuri. Bisibisi sio kifaa cha kumalizia kapasita, ile cheche inaharibu kapasita na inaweza kukurushia chuma machoni. Wakati wa kupima mashine ikiwa imewaka, mkono mmoja uwe mfukoni. Pini nyeusi ya mita ing'ate chasisi kwa klipu, unabaki na pini nyekundu tu.

Spika iwe imeunganishwa muda wote. Mashine ya valvu bila spika inaua transfoma ya kutolea sauti, na hiyo ya AC30 ya sitini ni ghali kuliko mambo mengi humu ndani.

Kama waya wa umeme ni wa nyuzi mbili tu, usiendelee hata hatua moja. Weka wa nyuzi tatu, athi ifungwe kwenye chasisi kwa boliti yake yenyewe, kisha plagi ya pini tatu yenye fyuzi sahihi. Mpiga gitaa anashika nyuzi za chuma na mdomo uko kwenye maikrofoni. Mnajua mwisho wake.

#5 mpemba_wa_redio

Shekhe, mimi mafundi wa zamani walinifundisha: badilisha GZ34 weka 5Y3, rektifaya ndogo, volti zinashuka zenyewe. Mbona unazunguka?

#6 Bamvua

Shekhe wangu, mafundi wako hawakukudanganya, ila walikuwa wanaongelea mashine ndogo. 5Y3 inabeba miliampea 125 tu. EL84 nne za AC30 peke yake zinakula 200 na ushee. Utaiona 5Y3 inatoa cheche ndani ya wiki. Rektifaya ya 5U4GB inaweza kubeba mzigo, lakini hita yake inataka ampea 3 wakati GZ34 inataka 1.9, na transfoma ilisukwa kwa ajili ya 1.9. Unaihamisha shida kutoka kwenye valvu kuipeleka kwenye transfoma.

Na hata ingefaa, imeshusha volti za juu peke yake. Hita za EL84 bado ziko 6.9.

Tukiwa hapohapo kwenye rektifaya: kuna watu wakibadilisha kapasita kuukuu wanaweka kubwa ili mngurumo uishe. Mikrofaradi 100 pale mwanzo. GZ34 mwisho wake ni 60. Kapasita kubwa inavuta mkondo mkali kila inapojazwa, rektifaya inapasuka shoti, na ikipasuka shoti inaenda na transfoma. Rudisha thamani iliyokuwapo, zingatia tu kikomo cha volti kiwe 500 badala ya 450.

#7 gitaa_la_besi

Boss mimi sielewi kupima bayasi ya hii kitu. Kwa amplifaya za Fender kuna kitufe cha kuzungusha. AC30 sioni.

#8 Bamvua

Huoni kwa sababu hakipo. Katodi za EL84 zote nne zimeungana, zinapita kwenye risista moja hadi chasisi, na hiyo risista ndiyo bayasi, yaani inayoamua mkondo wa valvu zikiwa zimetulia. Kwa mashine nyingi za sitini utakuta omu 50, za mwanzo kabisa 80. Kagua ya kwako kwa mita ikiwa baridi na imechomolewa, zinazeeka.

Twende kwa namba halisi za mashine iliyoko mezani kwangu sasa hivi. Kichaguzi kilikuwa 225, soketi inasoma 246.

Hita, pini ya 4 na 5 kwenye EL84: 6.9.
Volti za juu kwenye kapasita ya kwanza: 355.
Katodi, pini ya 3: 11.5.

11.5 gawanya kwa omu 50 ni miliampea 230. Gawa kwa valvu nne, kila moja 57 na nusu. Kati ya anodi na katodi kuna kama 340. Zidisha: wati 19 na nusu kwa kila valvu. Toa wati mbili hivi za skrini (gridi ya pili ya valvu), anodi inabeba 17 na zaidi. Kikomo 12. Halafu mtu anasema valvu ni feki.

Nikahamisha kichaguzi kwenda 245, sikugusa kitu kingine. Nikaiacha ipate moto robo saa.

Hita: 6.3.
Volti za juu: 326.
Katodi: 10.4.

Sasa ni miliampea 52 kwa valvu, karibu wati 16 na nusu jumla, anodi kama 14 na nusu. Bado iko juu ya karatasi, lakini hii ndiyo AC30 yenyewe ilivyozaliwa. Kidole kimoja kwenye kichaguzi kimeondoa wati tatu kwa kila valvu na hita zimerudi mahali pake.

#9 Zee la Rumba

Nyie vijana mnaharibu vitu. Hizo mashine zilipigwa kwenye madansi kila Jumamosi hakuna aliyepima. Ukishusha volti unaua sauti. Amplifaya inakuwa mnyonge.

#10 Bamvua

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, hapa hakuna aliyeshusha chochote chini ya alichokusudia mtengenezaji. Volti 326 na hita 6.3 ndizo alizosikiliza yeye. Ile 355 ndiyo ngeni, imeletwa na kichaguzi kilichoachwa mahali pasipo pake. Na wakati huo wa madansi EL84 mpya za Mullard zilipatikana dukani na zilistahimili mateso. Ukiwa nazo bado nne za wakati ule kabatini, nitakuja kukusalimia nyumbani.

#11 Zee la Rumba

Marahaba. Ninazo mbili. Usije.

#12 kinanda_tanga

😂😂 Mzee kakataa.

Mkuu Bamvua, vipi ambaye mashine yake haina kichaguzi, au yuko 245 tayari na ukutani anapata 255?

#13 Bamvua

Hapo ndipo penye kazi nzuri. Kuna ujanja wa transfoma ndogo ya kupinga. Unatafuta transfoma ya kawaida ya 240 kwenda 12. Praimari yake (upande wa 240) unaifunga kwenye umeme kama kawaida. Sekondari yake (upande wa 12) unaiweka kwa mfululizo kwenye waya wa moto unaoelekea kwenye amplifaya, ila kwa mwelekeo wa kinyume, ili zile 12 zitoe badala ya kujumlisha. 255 inatoka kama 242.

Huhitaji transfoma kubwa, hilo linawashangaza wengi. AC30 hata tukiikadiria wati 170, ni ampea 0.7. Ampea 0.7 mara volti 12 ni kama 8 na nusu tu. Ila mkondo wa mashine yenye rektifaya huja kwa mishtuko mifupi mikali, kwa hiyo chukua ya 12 kwa ampea 2 au 3, isiwe inapata moto bure.

Jinsi ya kujua mwelekeo: funga balbu ya kawaida mahali pa amplifaya, pima. Ukisoma 268, umejumlisha. Chomoa, geuza nyaya mbili za sekondari. Ukisoma 242, hapohapo. Angalizo kubwa: ile sekondari ya volti 12 sasa imepanda kwenye umeme mkubwa. Ukiigusa inakupiga kama soketi. Kwa hiyo iwe ndani ya boksi la chuma lenye athi, nyaya zake ziwe za daraja la umeme wa nyumba, fyuzi mbele ya kila kitu.

Uzuri wake ni kwamba umepunguza mlangoni: hita, volti za juu, vyote vimefuata. Na ndani ya mashine ya kihistoria hujatoboa tundu.

#14 mpemba_wa_redio

Na ile ya dayodi ya zena?

#15 Bamvua

Inafanya kazi. Unaiweka kati ya kituo cha katikati cha sekondari ya volti za juu na chasisi, upande wenye mstari uelekee kwenye chasisi. Zena ya volti 20 inaondoa 20. Kwa miliampea 220 inachoma wati zaidi ya 4, kwa hiyo tumia ya boliti ya wati 50, ukaze kwenye chasisi ipoe. Kwa AC30 haina utata kwa sababu bayasi iko kwenye katodi. Kwa Fender nyingi bayasi inachotwa kwenye sekondari hiyohiyo, ukiweka zena pale umeivuruga na bayasi, itabidi uirekebishe upya.

Lakini narudia, haigusi hita. Naitumia tu pale hita ziko sawa na volti za juu ndizo zimezidi, mfano transfoma imewahi kubadilishwa ikawekwa isiyo yake.

#16 Diaspora_Houston

Kaka nipo Texas, mwakani narudi Dar na Fender Deluxe Reverb ya miaka ya sitini. Imeandikwa 117. Nitanunua stepudauni ya 110, mambo yaishe. Sio?

#17 Bamvua

Karibu nyumbani, ila hayaishi kirahisi hivyo. Tofauti sio volti peke yake, ni na mizunguko ya umeme kwa sekunde. Marekani ni 60, kwetu 50. Chuma cha transfoma kinajali volti gawanya kwa mizunguko. Ukishuka kutoka 60 kwenda 50 kwa volti zilezile, chuma kinabebeshwa asilimia 20 zaidi. Ili kiwe kama kilivyokuwa Houston inabidi uipe kama volti 97 tu. Lakini kwa 97 hita zinapata 5.2, ambayo ni baridi mno. Ukiipa 110 hita zinapata 5.9, safi, ila chuma bado kimezidishiwa kama asilimia 13. Huwezi kuwapendeza wote wawili.

Baadhi ya transfoma zinavumilia, nyingine zinawaka moto hadi harufu ya nta inatoka. Ijaribu kwa 110, iache saa nzima bila kupiga, halafu weka kiganja juu ya transfoma. Ukishindwa kukiacha hapo, usiendelee. Jibu la kudumu ni kununua transfoma mbadala ya kuweka ndani yenye praimari ya 230 au 240 kwa mizunguko 50, zinatengenezwa kwa mashine hiyohiyo, na ile ya asili uihifadhi ndani ya boksi usiitupe.

Na ulivyo huko, pima soketi ya Houston. Umeme wenu siku hizi ni 120 na mara nyingi zaidi, mashine iliandikwa 117. Deluxe Reverb inazipa valvu zake za 6V6 zaidi ya volti 400 hata kwa volti sahihi, kwa hiyo wewe huko huko tayari una kesi hiihii. Transfoma ya kupinga ya volti 6 inatosha.

#18 gitaa_la_besi

Mimi kanisani tunatumia inveta umeme ukikatika. Inasoma 230 safi kabisa kwenye kioo chake. Hiyo si ndiyo dawa?

#19 Bamvua

Inategemea inatoa wimbi gani. Kama ni ile ya bei rahisi yenye wimbi la ngazi, kuna jambo la ajabu linatokea. Hita zinafuata nguvu ya wastani ya wimbi, lakini kapasita za volti za juu zinajazwa na kilele chake. Umeme wa kawaida wa 240 una kilele cha 339. Wimbi la ngazi lina kilele kifupi zaidi kwa 240 ileile. Matokeo yake hita sawa, volti za juu zimeshuka, na ndani ya spika kuna mlio wa nyuki. Tena mita ya bei rahisi itakudanganya ikipima wimbi hilo, kwa sababu inakisia kwamba ni wimbi la kawaida. Inveta ya wimbi safi haina neno.

Stabilaiza nazo: za rilei zinaruka kwa hatua, tiki, tiki, na kila hatua unaisikia kwenye noti ndefu. Za mota zinateleza taratibu, hizo ndizo ninazopendekeza kwa sehemu ambazo umeme unacheza kati ya 190 na 255 siku moja.

#20 kinanda_tanga

Mrejesho. Mashine imekaa stoo miaka mingi, leo nimeifungua. Kichaguzi 205!! Soketi 231. Sijawasha.

#21 Bamvua

Hongera kwa kutowasha. Kwa 205 ungeipa hita 7.1.

Weka 225. Usiwashe moja kwa moja, kapasita zimelala muda mrefu. Tengeneza kizuizi cha balbu: balbu ya zamani ya uzi, wati 100, kwa mfululizo na mashine. Ya LED haifai, usipoteze muda. Anza bila EL84 na bila GZ34, ukiwasha balbu itang'aa kidogo tu kwa sababu ya hita ndogo. Ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, kuna shoti, zima. Ikiwa sawa, kabla ya kurudisha GZ34, kapasita zile kubwa zijaze taratibu kwa risista ya omu elfu 100 kutoka chanzo cha pembeni cha volti za juu, ukipima mkondo unaopotea hadi utulie. Kama hautulii au kapasita inapata joto, badilisha, usiibembeleze.

Usipime bayasi ukiwa bado kwenye balbu. Namba zote zitakuwa chini na zitakufariji bure. Balbu ikishatoka, nitumie vitu vinne: soketi, pini ya 4 na 5, kapasita ya kwanza, pini ya 3. Na omu za risista ya katodi.

#22 kinanda_tanga

Balbu za uzi Tanga hii ni kutafuta. Kesho naingia sokoni, nikikosa namuagiza mtu wa Dar. Namba nne utazipata.